Namna ya Kukwepa Kudhamini Mkopo na Bado Ukaalikwa Jandoni

1. Jua kwa nini wamekufuata wewe. Mpwa wako atakuja baada ya Isha, ameshika bahasha, na ataanza na sifa: “Mjomba, Mikindani nzima sina wa kumwendea ila wewe.” Kwa Wamakonde, Wayao na Wamwera mjomba ana neno zito juu ya watoto wa dada yake, kwa hiyo maneno hayo yatakuingia. Kifua kitavimba, na kifua kikivimba mkono huwa mwepesi kutia saini. Pokea sifa, mkaribishe chai, lakini elewa kwamba mkopeshaji anautaka mshahara wako au mikorosho yako ya Naliendele. Hana haja na hekima yako.

2. Usisaini siku hiyo hiyo. Sema, “Niachie fomu, niisome nikitulia.” Sentensi hiyo peke yake inamaliza nusu ya maombi yote, kwani anayekimbilia “kausha damu”, ile mikopo ya haraka yenye riba kali, anataka fedha kesho asubuhi, atatafuta mwingine. Akikuachia, isome kweli. Tafuta maneno “kwa pamoja na kwa mmoja mmoja”. Yana maana kwamba mpwa wako akivuka Ruvuma kwenda Msumbiji, mkopeshaji hana sababu ya kumfuata huko; atakuja kwako moja kwa moja. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema wajibu wa mdhamini ni sawa na wa mkopaji, isipokuwa mkataba wenyewe useme vingine. Hapo hesabu mkopo, riba na faini ya kuchelewa. Tazama pia kama fomu inagusa “mikopo atakayochukua baadaye”. Ikiwa hivyo, unadhamini hata deni ambalo mpwa wako bado hajaliwaza.

3. Jikinge kwa mwenzi wako. Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, na ni ya halali kabisa. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakataza nyumba ya familia kuwekwa rehani bila ridhaa ya mume au mke. Basi kaeni kitako mapema, wewe na mama watoto, mpatane: ndugu zako wakija, yeye ndiye anayekataa, kaka zake wakija, unakataa wewe. Kila mmoja anabaki mwema kwao. Utasema, “Mimi sina neno, mpwa wangu, ila mkaza mjomba wako hasaini,” na itakuwa kweli tupu. Usitunge uongo wa ugonjwa wala safari; uongo unadai kutunzwa miaka, na Magengeni, hapa kwetu Mikindani, ni padogo mno kwa kazi hiyo. Ila shika mpaka wa kinga hii: kifungu kinalinda nyumba. Hakilindi mshahara wako, na vitu vya ndani ukiviandika mwenyewe kwenye fomu, umeviweka rehani. Naumia sana kuona cherehani ya mama wa watu ikipakiwa kwenye bajaji kwa deni ambalo hakula hata senti yake.

4. Akisema “nitalipa korosho zikiuzwa”, mrudishe kwenye msimu wa 2018. Wakulima waligomea bei za mnadani, Novemba serikali ikatangaza kuzinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wengi wakasubiri malipo yao hadi mwaka uliofuata. Riba za wakopeshaji hazikusubiri. Muulize kwa upole: ubwiri unga ukishika maua, au malipo ya stakabadhi ghalani yakichelewa, rejesho la mwezi huo litatoka wapi? Kama ana jibu, msikilize. Mara nyingi hana.

5. Toa kidogo chako, mara moja. Mpe unachoweza kukisahau, mwambie si deni. Mkono uliotoa haununiwi muda mrefu, na kadi ya jando utaipata. Anayeona lazima adhamini afanye kama Abu Qatada, aliyebeba deni la maiti ili Mtume akubali kumswalia: alijua fika kwamba yeye ndiye mlipaji. Tenga fedha yote kwanza, halafu saini.

6. Umeshasaini? Usijifiche, bado una nafasi. Dai nakala ya mkataba leo, na kila mwezi uliza kwa mkopeshaji salio limefika wapi. Usitegemee majibu ya mpwa. Mkopeshaji na mkopaji wakibadilisha masharti bila idhini yako, sheria inakuondolea dhamana kwa yatakayofanyika baada ya hapo, kwa hiyo usikubali kusaini karatasi ya pili kwa ajili ya kuwarahisishia mambo. Ulizia leseni ya mkopeshaji: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 haimruhusu mtu kukopesha kibiashara bila leseni. Kama mko wadhamini kadhaa, mtafute kila mmoja, maana mzigo mnagawana. Na ikibidi ulipe, kila shilingi idai risiti yenye jina lako mwenyewe. Aliyelipa ana haki ya kumdai mkopaji, na hakimu atataka kuona karatasi.