Kichwani Hakuna Kitu

Ukitaka kuumia chuoni, vunjika mguu. Mwenzangu chumbani kavunjika kifundo na anaishi kama balozi: chipsi mayai analetewa kitandani, begi anabebewa, na mabinti ambao hata jina lake hawakulijua wanapanga zamu kuandika salamu kwenye hogo. Mimi goti la mshambuliaji lilinipata kichwani nikitoka kudaka kona, nikaambiwa ni mtikisiko wa ubongo, na sina hata bandeji ya kuonyesha watu. "Mbona uko fiti tu?" Hiyo ndiyo pole yangu.

Palepale uwanjani niliulizwa maswali ya kupima kumbukumbu. Tuko uwanja gani? Nani kafunga goli la mwisho? Mechi iliyopita mlishinda? Nikajibu hatukushinda, na hatujashinda tangu muhula uanze. Mtu wa huduma ya kwanza akatikisa kichwa, akaandika kwamba nimechanganyikiwa. Ikabidi nahodha aitwe athibitishe, naye akathibitisha kwa shingo upande.

Lakini kilichonimaliza ni CT skani. Kipimo kile hutafuta damu iliyovuja na mfupa uliopasuka. Mtikisiko wenyewe hauonekani. Ripoti ikaja safi. Beki wetu wa kati akaisoma bwenini kwa sauti ya taarifa ya habari: "Kichwani hakuna kitu." Wote wakasema walilijua hilo siku nyingi.

Daktari alisema nipumzike siku mbili, simu niipunguze, kisha nianze kutembea taratibu. Na nilale. Mama akapiga simu: msimwache alale! Vijana ambao kuwatuma maji ni ugomvi wakamtii Mama kwa moyo wote, wakawa wananiamsha usiku kucha kuniuliza jina langu. Mchana ni zamu ya jirani na sabufa yake. Singeli, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, na mimi hata mlio wa kijiko kwenye sahani unanichoma. Nikimwomba apunguze ananiuliza naumwa nini. Tunarudi kulekule.

Kocha yeye ana mfano wake, kipa Petr Čech. Alipasuka fuvu Oktoba 2006, akavaa kofia, akadaka mpaka 2019! Hasemi kwamba Čech alikaa nje hadi Januari. Wala hasemi kwamba kofia ile ni ya kulinda fuvu. Ubongo humo ndani unaendelea kusukwasukwa kama kawaida.

Nikashika karatasi ya utaratibu wa kurudi uwanjani. Hatua sita, kila moja angalau saa 24, dalili zikizidi unarudi nyuma. Nikaona nafuu, hadi nilipofika penye masharti: kabla ya kugongana na mtu yeyote uwanjani, uwe umesharudi darasani kikamilifu. Masomo kwanza! Karatasi hii ameiandika mhadhiri, siyo daktari.

Nikampelekea kocha. Wakati huo langoni kasimama beki wa kushoto mwenye miwani, na Jumamosi alikula tano. Kocha akaisoma mara mbili. Tangu siku hiyo, mtu ambaye hajawahi kuniuliza nasoma kozi gani anakuja bwenini kila jioni na desa la takwimu mkononi, ananihoji wastani na mchepuko sanifu. Nikikosea, anaangalia saa.