Namna ya Kumkutanisha Ngunda na Hulk Kigali bila Mtaa Kulala Njaa

Kabla hujamleta shujaa yeyote wa katuni Kigali, ulizia kwanza chakula. Wengi wanaotunga hadithi za kukutanisha mashujaa huanza na ngumi: Hulk huku, Ngunda kule, tuone nani ataanguka. Hadithi kama hiyo inaisha kabla chai haijapoa. Ngunda, mlafi wa ngano za Kinyarwanda anayelima kuliko kijiji na kula kuliko kijiji, hana ugomvi na mtu. Ana njaa tu. Hulk ana hasira. Mmoja anahitaji sufuria, mwingine anahitaji kutulizwa, na wewe mtunzi una jambo moja la kujua: nani atapika?

Waite Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, yaani kazi ya pamoja ya mtaa, maduka yakiwa yamefungwa na kila mkazi ameshika jembe au fyekeo. Mpe Hulk jembe. Mpini utavunjika. Mpe la pili, nalo livunjike. Sasa Ngunda amsogelee, amwonyeshe jinsi ya kuliachia jembe lishuke kwa uzito wake lenyewe, bila kulilazimisha. Hulk ajifunze, apumue, rangi ya kijani ianze kufifia shingoni. Mtaro mzima wa Kimisagara uwe umechimbwa kabla ya saa tatu asubuhi. Kisha wakazi wakae kwenye ule mkutano wa baada ya kazi, na ajenda iwe moja: hawa wawili wanakula wapi? Hapo ndipo hadithi yako inapoanza.

Umeona nimemfanya nani fundi? Shikilia hapohapo. Mwenyeji asigeuzwe mbeba mizigo wa mgeni. Inaniuma kila ninapokuta hadithi ambamo shujaa wa Marekani anatua Afrika na mtu wa hapa anapewa kazi ya kumwonyesha njia, kisha anakufa ukurasa wa kumi. Ngunda alikuwa anachekesha watoto kwenye vilima hivi vizazi vingi kabla Hulk hajachorwa mwaka 1962. Ana haki ya kukaa kiti cha mbele.

Usiogope kwamba wageni watakosa lugha. Kigali ina uzoefu mkubwa wa kuwapa ulimi. Katika sinema za agasobanuye, mfasiri husema juu ya sauti ya filamu kwa Kinyarwanda, akieleza, akitania, akimwonya shujaa kuhusu adui aliye nyuma ya mlango. Marehemu Nkusi Thomas, ambaye watu walimwita Yanga, aliifanya kazi hiyo hadi jina lake likawa kubwa kuliko la waigizaji wengi aliowasemea. Tanzania walikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro. Waliosikiliza sauti hizo wanajua kwamba mpiganaji wa Hong Kong anaweza kulalamika kama jirani yako na bado akabaki yeye. Kwa hiyo sikiliza mhusika wako kwa masikio ya mfasiri: angelalamikaje akiwa Nyamirambo?

Mwenye nguvu nyingi mno mpunguzie. Mwaka 1978 kampuni ya DC ilimpambanisha Superman na Muhammad Ali, na ili pambano liwe la haki ikawapeleka chini ya jua jekundu, ambako Superman hana uwezo wake. Ali akampiga vibaya sana. Baada ya hapo wakaiokoa dunia pamoja, na ushirikiano huo unaaminika kwa sababu mmoja ameshaonja ngumi za mwenzake. Kigali huhitaji jua jekundu. Mshushe Superman kwenye kituo cha mabasi cha Nyabugogo akiwa Clark Kent, mwandishi wa habari mwenye begi. Apande pikipiki, avae kofia ngumu ya abiria, apelekwe mtaa wa Biryogo, kisha umkalishe kwenye chai katikati ya Semuhanuka, mwongo wa ngano za Kinyarwanda, na Abunuwasi, mjanja wa hadithi za Kiswahili.

Hapa usiharakishe, maana mahali penyewe pamekusaidia. Biryogo Kiswahili kilikuwa lugha ya barazani na sokoni muda mrefu kabla hakijawa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, hivyo Abunuwasi hahitaji mkalimani. Ila waongo wawili wakiachwa peke yao hawana hadithi. Kila mmoja anamjua mwenzake. Wanahitaji mkweli wa kumla. Semuhanuka amuuzie Superman Mlima Kigali. Abunuwasi aape kwamba aliushuhudia ukinunuliwa. Superman, ambaye macho yake hupenya ukuta lakini hayapenyi maneno, atoe pesa. Muuza chai ndiye aje amwokoe, na amtoze chai ya wote watatu.

Kwa Ndabaga, punguza utani. Ni yule binti wa masimulizi ya Rwanda ambaye baba yake hakuwa na mtoto wa kiume wa kumpokea zamu kwenye kambi ya mfalme, akajifunza mkuki na upinde, akajifanya mwanamume, akaenda. Hata leo Mnyarwanda hulitaja jina lake pale mambo yanapofika pabaya kabisa. Mulan wa China, ambaye Disney ilimpeleka kwenye sinema mwaka 1998, alimfanyia baba yake jambo hilohilo. Ukiwakutanisha, usiwape adui. Wataelewana kwa kutazamana tu, na maneno yako yatawazuia.

Badala yake, wakutanishe baba zao. Waketi chini ya mgomba, kibuyu cha pombe ya ndizi kati yao, mirija miwili. Yule wa China, mguu wake mbovu ameunyoosha mbele, auguse mrija kwa shaka.

"Vuta polepole, mzee mwenzangu," mwenyeji amwambie. "Wako aliondoka lini?"

"Usiku. Sikusikia mlango."

"Wangu aliniaga. Nami nikamwacha aende."

Kisha wanyamaze, wakitazama njia.