Barua ya Wazi kwa Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki Kuhusu Haki ya Marais Kununa

Kwa Katibu Mkuu,
Jumuiya ya Afrika Mashariki,
Arusha.

KUH: OMBI LA KUTUNGWA KWA KANUNI ZA KUNUNA

Sekretarieti inajulishwa kwa heshima zote kwamba wakazi wa Kakamega, ambao mji wao hauko mpakani lakini ambao hula ndizi na mahindi ya Uganda yanayowafikia kupitia Busia na Mumias, wameusoma Mkataba wa Kuanzishwa kwa Jumuiya uliotiwa saini tarehe 30 Novemba 1999. Wamesoma pia Itifaki ya Soko la Pamoja, yaani makubaliano yaliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010 ili watu, bidhaa, huduma na mitaji vivuke mipaka ya nchi wanachama kwa uhuru, na wameridhika kwamba kila jambo limepangwa isipokuwa moja. Nyaraka hizo zinaeleza kwa kirefu namna mpaka unavyofunguliwa, lakini hazina hata ibara moja inayoeleza namna rais anavyopaswa kununa.

Kakamega inalizungumzia jambo hili kwa haki ya urithi. Hadi mwaka 1902 eneo hili lilihesabiwa kuwa Uganda, katika lililoitwa Jimbo la Mashariki, na tarehe 1 Aprili mwaka huo Waingereza wakalihamishia katika himaya ambayo baadaye ilikuja kuitwa Kenya, hivi kwamba mkulima wa Mumias alibadilishiwa nchi bila kuhamisha jembe wala kuku. Nabongo Mumia aliendelea kuwa Nabongo, yaani mfalme, wa Wawanga palepale alipokuwa, na boma la serikali lilibaki kwake mpaka lilipohamishiwa Kakamega mwaka 1920. Rais Idi Amin wa Uganda aliikumbuka mipaka hiyo ya zamani Februari 1976, akadai sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya, na watu wa hapa wakakaribia kuwa Waganda tena kwa tangazo la redio. Kahawa ya Uganda, ambayo pengine haikuwa imesikia tangazo hilo, iliendelea kuingia Kenya usiku kupitia Chepkube, huko Bungoma, katika biashara ya magendo, yaani ile inayokwepa forodha, na ikawatajirisha baadhi ya watu ambao hawakuwa na mti hata mmoja wa kahawa. Desemba 1987 askari wa Kenya na wa Uganda walirushiana risasi Busia, mpaka ukafungwa, na marais Moi na Museveni wakakutana Malaba mwishoni mwa mwezi huo kusawazisha mambo. Wasamia, ambao shangazi yuko upande huu na kaburi la babu liko upande ule, hawakuombwa maoni kabla ya ugomvi wala baada yake.

Yote hayo yangeweza kusamehewa kama utoto wa mataifa machanga, lau Jumuiya mpya isingeyaendeleza kwa ustadi mkubwa zaidi. Tarehe 1 Februari 2019, katika mkutano uliofanyika Arusha, Rwanda ilipokea uenyekiti wa Jumuiya, na kabla ya mwezi huo kwisha ikaufunga mpaka wake na Uganda pale Gatuna. Sababu iliyotolewa kwa malori ilikuwa ujenzi wa kituo cha pamoja cha mpakani, yaani kituo ambacho maafisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja ili msafiri asimame mara moja tu badala ya mara mbili, nao raia wa Rwanda wakashauriwa wasiende Uganda kwa ajili ya usalama wao. Historia ya usanifu wa majengo haina mifano mingi ya mlango uliofungwa karibu miaka mitatu kwa sababu ya kuupanua. Gatuna ilifunguliwa tarehe 31 Januari 2022, siku chache baada ya mwana wa Rais Museveni, aliye jenerali wa jeshi, kwenda Kigali kuzungumza na Rais Kagame, utaratibu ambao ni wa kifamilia na wa kupendeza, ila hauonekani mahali popote katika Mkataba.

Haki inataka ikubaliwe kwamba Itifaki haikunyamaza kabisa. Ibara yake ya 7, ileile inayotoa uhuru wa watu kuvuka mipaka, inairuhusu nchi kuzuia watu wasipite kwa sababu za sera ya umma, usalama au afya, kwa sharti kwamba nchi hiyo iwajulishe wenzake. Sharti hilo ni zito kiasi cha kadi ya mwaliko wa arusi. Anayetaka kuuza chapati katika soko la Kakamega hutakiwa kupata kibali na kukilipia, ilhali anayetaka kufunga barabara inayotumiwa na mataifa mawili hutakiwa kutoa taarifa. Akilalamikiwa mbele ya Mkutano wa Wakuu wa Nchi, ambao ndio chombo cha juu kabisa cha Jumuiya, atakuwa ameketi humo humo, na Ibara ya 12 ya Mkataba inasema maamuzi ya mkutano huo hufanywa kwa maafikiano, maana yake mshtakiwa asipokubali kwamba amekosea, hakuna kosa. Tena si lazima ajisumbue kusema hapana, kwa kuwa mwishoni mwa Novemba 2018 Burundi haikutokea mkutanoni, na kutokuwepo kwake peke yake kulitosha kuwarudisha wengine wote makwao.

Kwa sababu hiyo amani imekuwa ikiagizwa kutoka nje. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977 na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya hadi Novemba 1983, mali na madeni ya marehemu yalipatanishwa na Victor Umbricht, mwanadiplomasia wa Uswisi. Rwanda na Uganda zilitiliana saini Luanda, Agosti 2019, mbele ya Angola, ambayo si mwanachama. Rwanda na Kongo, zote mbili wanachama, zilisainishana Washington tarehe 27 Juni 2025. Nchi za Jumuiya zina ushuru wa pamoja wa forodha, yaani kiwango kimoja kinachotozwa bidhaa zitokazo nje, na tangu Julai 2022 baadhi ya bidhaa zilizokamilika hutozwa asilimia 35 ili viwanda vya nyumbani visife. Inashangaza kwamba amani, ambayo ni bidhaa iliyokamilika na ambayo malighafi yake imejaa tele hapa, imeachwa iingie bila kutozwa chochote.

Na kununa hakujaisha: Burundi nayo iliufunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, baada ya kuufungua mwaka 2022. Orodha inachosha.

Wakazi wa Kakamega hawadai kwamba viongozi wasigombane. Waisukha na Waidakho wamepiganisha mafahali tangu zamani, na alfajiri ya pambano uwanja wa Khayega hujaa filimbi, ngoma za isikuti na watu wanaotukanana kwa ufundi, lakini fahali mmoja akishakimbia wenye mafahali wote wawili hurudi nyumbani kwa barabara ileile, na haijasikika kwamba barabara ya kwenda Kisumu imefungwa kwa miaka mitatu kwa kuwa fahali amenuna. Kinachoombwa ni kanuni tu. Rais anayekusudia kununa atoe notisi ya siku tisini, aeleze kwa maandishi kwa nini muuza ndizi ni hatari kwa taifa, na alipe kutoka bajeti ya ofisi yake, si ya kilimo, thamani ya mzigo utakaooza langoni. Mwenye msiba, mgonjwa mwenye barua ya hospitali na mwanafunzi mwenye kitambulisho cha chuo wapite siku zote, hata kama mabalozi wamefukuzwa. Nchi iliyofunga mpaka isipewe uenyekiti, isiandae mkutano na isipige kura katika suala la mpaka huo, na Mahakama ya Jumuiya iamue ndani ya siku thelathini.

Endapo Sekretarieti itaona kwamba kanuni hizo nazo zinahitaji maafikiano ya wale zinaowahusu, basi inaombwa ielekeze sehemu ya fedha za vituo vya pamoja kwenye njia za panya, yaani vichochoro ambavyo watu wa mpakani hupita wakikwepa lango, iwawekee wapitaji taa za sola, madaraja madogo na vyoo, kwa kuwa hadi sasa hizo ndizo idara pekee zinazotekeleza Ibara ya 7 ya Itifaki bila kukatizwa.

Wakazi wa Kakamega