Cheti Ukutani, Mkate Mbichi

Bekari yetu ya Buguruni inaoka mikate. Unga, hamira, sukari, chumvi, maji, basi. Tangu bosi atangaze kwamba tunatafuta cheti cha ISO 9001, kuoka tunaiba muda. Kazi rasmi ni kujaza fomu.

Aliletwa mshauri mwelekezi, tai shingoni, akatupa semina ya mfumo wa usimamizi wa ubora. Alipoondoka aliacha mafaili ya kujaza kabati zima. Humo kuna hata utaratibu wa kupiga deki, na mchoro wa mishale: chukua ndoo, je, ndoo ina maji? Kama haina, rudi hatua ya kwanza. Mama anayetufanyia usafi aliukodolea macho weee, kisha akamuuliza mtaalamu: "Sasa mwanangu, nikiwa nasoma hii, deki anapiga nani?"

Kinachoniudhi ni kwamba wenye ISO, kule Geneva, hawakutuomba haya. Toleo la mwaka 2000 lilitaka taratibu sita tu ndizo lazima ziandikwe. La 2015 likazifuta hata hizo sita, na mwongozo wa ubora nao si sharti tena. Linasema wazi kwamba wingi wa maandishi utegemee ukubwa wa shirika, ugumu wa kazi na ujuzi wa wafanyakazi. Geneva wamepunguza mzigo, Buguruni tumejitwisha upya. Lakini mshauri gani atalipwa vizuri kwa kurasa nne?

Matokeo yake njoo uyaone zamu ya usiku. Joto la oveni linatakiwa kuandikwa kila saa. Fundi wetu, mtu wa ratiba, anaijaza fomu yote saa mbili usiku, oveni ikiwa haijawashwa: 220, 220, 220, mpaka alfajiri. Kipimajoto chenyewe kilikufa siku nyingi. Mkaguzi wa ndani aliipitia fomu, akaisifu kwa unadhifu na kugonga mhuri.

Mwenye duka mmoja, mteja wetu wa miaka, alipiga simu kulalamika kwamba mkate ni mbichi katikati. Zamani tungeomba radhi, tukampelekea mwingine na kwenda kuichungulia oveni. Safari hii aliambiwa aje ajaze fomu ya malalamiko, nakala tatu. Hakuja. Sasa ananunua mikate kwa jirani yetu, ambaye hana cheti wala kabati. Kwenye kikao cha menejimenti taarifa ikasomwa kwamba malalamiko ya wateja yamepungua. Tukapiga makofi, na soda zikaletwa.

Bosi, najua gazeti hili unalisoma. Mfumo wa ubora siukatai. Andika joto linalotakiwa, nani aliangalie, na afanye nini likishuka. Ukurasa mmoja unatosha, ubandike pale pale ukutani. Ila kabla ya karatasi, tunakuomba ununue kipimajoto.