Muulize Bi Nywila: Seva Inakoroma, na Bekapu "Ipo"

Kapu la barua limefurika. Mwaka ukikaribia kwisha watu hukumbuka mambo mawili, madeni na mitambo, na kwa kuwa madeni wanayakimbia, mimi naletewa mitambo. Mmefanya vyema. Mtaani kwetu rauta haiwashwi kabla sijaulizwa.

*Bi Nywila, shikamoo. Nina kikompyuta nyumbani: picha za familia zimo kwenye Nextcloud, filamu za watoto kwenye Jellyfin. Sijakigusa tangu mwaka jana. Sasa kinakoroma usiku kucha na mke wangu anataka kukihamishia banda la kuku. — Mwenye Mkoromo, Chumbageni, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Mpe mkeo pole, umwambie namuunga mkono, ila banda hapana. Kuku wana manyoya, na manyoya na feni havijawahi kupatana.

Nyinyi wa Tanga mna bahari. Upepo wake una chumvi, chumvi huvuta unyevu, unyevu hunasa vumbi, na vumbi hilo huganda kwenye matundu ya chuma cha kupozea prosesa. Joto likikosa pa kutokea, feni huongeza mbio. Huo ndio mkoromo wako. Zima mashine, chomoa waya ukutani, toka nayo barazani, fungua, halafu puliza kwa bloa huku umeyazuia mapanga ya feni kwa kidole. Usiyaache yazunguke kwa upepo wa bloa. Yatapita mwendo wake na kuua beringi. Hilo la kidole nilimfundisha mimi yule fundi wa barabara ya pili. Leo anajiita injinia na ana kibao mlangoni. Jina langu kwenye kibao halimo.

Wapo watakaokushauri uifukize udi ili kutoa uzito. Nawajua, wengine ni ndugu zangu wa damu. Moshi wa udi huacha mafuta kwenye mapanga, na mafuta yakishakaa, vumbi limepata makao. Fukiza sebule, mashine iache.

Kama ina miaka kadhaa, ule ute uliopakwa kati ya prosesa na chuma cha kupozea huenda umekauka. Futa wa zamani kwa alkoholi ya isopropili, tia tone dogo jipya katikati, funga. Tone, nimesema. Huo si mchuzi wa kumiminia wali.

Ukiwa humo ndani, tazama kibetri cha duara kilichoandikwa CR2032, cha volti 3. Hicho ndicho kinachotunza saa umeme ukikatika. Kikifa, kompyuta huwaka ikidhani bado tuko mwaka 2015, na tovuti zote salama inazikataa, kwa kuwa kwa hesabu yake vyeti vyao havijaanza kutumika. Mzee mmoja hapa jirani alipatwa na hayo. Akabadilishiwa rauta, akabadilishiwa waya, ikabaki kidogo abadilishiwe na nyumba. Nilisimuliwa kisa chote nikiwa kwenye mbuzi nakuna nazi, nikasema neno moja tu: betri. Hata uso sikuinua. Mpaka leo nikipita dukani kwake hawanidai soda.

Tulikuwa wapi? Naam, kuapdeti. Umekaa mwaka mzima, na Nextcloud hairukwi ngazi. Ukiwa kwenye toleo la 29 huendi la 31 mpaka upite la 30, na kila ngazi unaanza kwa bekapu. Kama chini yake kuna hifadhidata ya PostgreSQL, ongeza uangalifu: kila mwaka hutoka toleo kubwa jipya, na hilo jipya haliwezi kufungua mafaili ya lililotangulia mpaka uyahamishe kwa utaratibu wake. Kwa hiyo kama unatumia Docker, kwenye kontena andika namba ya toleo unalolitaka. Ukimwachia Docker akuchukulie "la karibuni", siku moja utaamka na hifadhidata iliyogoma.

Sasa dawa ya huduma zisizotumika, ambayo wenzangu huificha. Chagua Jumapili, pilau ikiwa mezani na wageni wamejaa. Zima huduma zote bila kumwambia mtu. Kaa kwenye kiti kirefu, miguu juu, usikilize. Anayelia "filamu imekatika!" umemjua, mwashie. Anayeuliza picha, mwashie. Huduma ambayo mwezi umepita na hakuna aliyeiulizia, weka nakala ya mafaili yake kando kisha ifute, maana programu isiyo na mtumiaji ni mlango usio na mlinzi. Wataalamu maofisini hufanya hivyo hivyo na jambo hilo wamelipatia jina la kizungu. Mimi nililianza zamani, ila hakuna aliyekuja kunihoji.

*Bi Nywila, kila nikimuuliza mume wangu kuhusu bekapu ananijibu "ipo". Nikiuliza iko wapi, ananuna. Nimwamini? — Mwenye Mashaka, Likoni*

Usimwamini. Mpende, mpikie, ila usimwamini.

Nikupe kisa ambacho nikikisimulia harusini watu huacha kula. Mwaka 1998, kule Marekani, kampuni ya Pixar ilikuwa inatengeneza filamu ya Toy Story 2. Mtu mmoja akaandika amri ya kufuta mahali pasipostahili. Wahusika wakaanza kutoweka huku watu wanatazama, na filamu karibu yote ikayeyuka. Mbio kwenye bekapu! Kumbe bekapu zilikuwa mbovu kwa muda na hakuna aliyejua, maana hakuna aliyewahi kujaribu kurudisha kitu. Aliyewaokoa ni nani? Mwanamke! Galyn Susman, msimamizi wa ufundi, alikuwa na nakala kwenye kompyuta ya nyumbani kwa sababu alikuwa akifanyia kazi huko, akiwa na mtoto mchanga. Wakaiviringisha kompyuta ile kwenye mablanketi, wakaipakia garini, wakaiendesha taratibu mpaka studio. Ni kweli baadaye sehemu kubwa ya filamu ilitengenezwa upya, lakini sipendi kukatishwa.

Tena kuna jambo ambalo mumeo halijui. Debian, mfumo unaoendesha seva nyingi za nyumbani, huyapa matoleo yake majina ya wanasesere wa filamu hizo hizo za Toy Story. Lililotoka Agosti 2025, la 13, linaitwa Trixie. Kiongozi wa Debian enzi desturi hiyo ilipoanza, Bruce Perens, alikuwa mfanyakazi wa Pixar. Haya yote nayatoa kichwani, sijafungua chochote. Kichwa hiki kingekuwa diski, kingeuzwa kwa mnada.

Dawa yako hii hapa. Kesho asubuhi jitande leso mpya, azima laptopu ya jirani, iweke mbele yake pamoja na chai ya maziwa. Mwambie kwa upole: "Baba watoto, nirudishie hapa picha ya harusi yetu, kutoka kwenye hiyo bekapu." Akiileta, ipo. Akianza kueleza, haipo.

Atakwambia picha ziko kwenye simu na kwenye seva, kwa hiyo ni mbili. Mjibu kwamba zimeunganishwa, ukifuta huku na kule zinafutika. Atakwambia mashine ina diski mbili zinazoandika kitu kimoja. Muulize mwizi akija atabeba ngapi. Kisha mtajie Peter Krogh, mpiga picha wa Marekani aliyeieneza kanuni hii: nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 ikae nje ya nyumba. Hiyo ya nje mpelekee mama yako mzazi. Mama mkwe hapotezi kitu kinachoweza kumwaibisha mkwe.

Ila diski isimbwe kwanza, isije ikasomwa na ukoo mzima. Programu za bekapu za Restic na BorgBackup zinasimba zenyewe. Nenosiri lake mliandike karatasini, msilifungie ndani ya seva ile ile mnayoiogopea. Nimeona wasomi, watu wa digrii, wakifanya hivyo. Nikawatazama tu nikatikisa kichwa, hereni zikalia.

*Bi Nywila, tovuti ya duka langu naiendesha mwenyewe, na leo wateja wanaambiwa si salama. Haraka tafadhali! — Muuza Vitenge, Kariakoo*

Vitenge vya wapi? Vya nta? Niwekee doti moja ya rangi ya bluu, nitapita.

Cheti kimeisha, mwanangu. Cha Let's Encrypt hudumu siku 90, na tangu Juni 2025 wameacha kutuma barua pepe za kukukumbusha. Programu inayokihuisha yenyewe imekwama mahali, soma kumbukumbu zake uone ilianza kulalamika lini. Itengeneze vizuri, kwa sababu kuanzia Machi 2029 hakuna cheti kipya cha tovuti za umma kitakachoruhusiwa kuzidi siku 47. Ulipie na jina la tovuti wakati huo huo, kwani hilo likiisha hakuna cheti kitakachokufaa. Ningekueleza jinsi nilivyomfundisha mhariri wa safu hii tofauti ya vitu hivyo viwili, lakini amesimama mlangoni kashika mkasi, anadai nimekula nafasi ya tangazo la magodoro.

Upesi basi. Wenye UPS: betri zake za risasi huishi kama miaka 3 hadi 5, na joto letu hupunguza. Hifadhini kazi zenu, chomoeni waya ukutani, mpime inashikilia dakika ngapi. Wenye Windows 10: matengenezo ya kawaida yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, msijifanye hamkusikia. Wenye akaunti za shemeji walioachika: zifungeni. Na wewe wa Magomeni uliyeuliza kama rauta inaweza kuoshwa kwa maji ya vuguvugu: hapana, na ya baridi pia hapana, na sabuni uliyokwisha kununua ufulie kanzu.