Wati Elfu Kumi Ndani ya Chumba cha Boriti

Hatua ya kwanza ya kununua spika za sinema ya nyumbani ni kulala chali. Tandika mkeka katikati ya chumba, ujinyooshe, utazame dari. Ukiona boriti za mikoko zimepangwa sambamba juu yako, basi nusu ya maswali yako yalijibiwa zamani na waashi. Nyumba za mawe za Mji wa Kale wa Mombasa, toka Kibokoni hadi Kuze na Ndia Kuu, zilipimwa kwa boriti, na boriti ya mkoko haikubali kubeba dari pana: mita mbili na nusu, tatu ikizidi sana. Ndiyo maana chumba ni kirefu na chembamba, na kuta zake za matumbawe na chokaa ni nene, ngumu, wala hazimezi sauti. Piga kofi moja ulisikie linavyokurudia. Chumba cha namna hii kina tabia zake, na spika yoyote utakayoileta itabidi iishi nazo.

Hatua ya pili, funga pochi. Dukani bado. Chukua tepu upime upana, ukuta hadi ukuta. Katika joto letu sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Zidisha upana wa chumba mara mbili, kisha gawanya 349 kwa jibu hilo. Chumba cha mita 2.8 kitakupa kama hezi 62, na hiyo ndiyo besi ambayo kuta zako mbili zitarushiana na kuikuza kila inapotokea. Humo ndimo mnamokaa ngoma za filamu, milipuko na magari yanayobingirika. Yule jamaa aliyenunua wufa inayomfika kiunoni, akaisukuma pembeni mwa chumba chake chembamba, hakuleta sinema nyumbani. Ameleta mngurumo mmoja, ule ule, filamu zote, na shujaa akisema neno wakati huo halisikiki. Pembe ya chumba ndiyo mahali pabaya kuliko pote, maana kuta mbili na sakafu hushirikiana kuikuza besi. Na wale wanaopachika spika ndani ya shubaka la ukutani kwa sababu imeingia vizuri, waitoe leo. Shubaka nalo lina mngurumo wake.

Sasa twende Digo Road, au Jomo Kenyatta Avenue, au ushuke Mwembe Tayari. Utakutana na namba. "Wati 10,000" kwa rangi ya dhahabu kwenye katoni, na chini yake herufi nne ndogo: PMPO. Usigombane na muuzaji, katoni hakuichapa yeye. Fanya hesabu kwa sauti ya kutosha, wateja wengine wafaidike. Umeme wetu ni volti 240. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi isiyozidi ampia 13. Zidisha: wati 3,120, na hapo plagi imefika mwisho. Mashine ya wati 10,000 ingehitaji zaidi ya ampia 41, na hii hapa imechomekwa kwenye ekstensheni moja na feni na chaja ya simu. Haya, igeuze, usome kibandiko cha nyuma palipoandikwa umeme inaokula. Utaona wati 60, pengine 80. Spika haiwezi kuendelea kutoa nguvu ambayo haikuingia. PMPO ni namba isiyo na kanuni moja inayokubalika, kila kiwanda huipika kivyake. Namba ya kuuliza ni RMS, ile nguvu inayohimiliwa mfululizo, na kama haikuandikwa popote, rudisha sanduku mahali pake na uage kwa heshima.

Na hizo wati za kweli unahitaji ngapi? Chache mno. Spika inayojiheshimu imeandikwa usikivu wake kwa desibeli, yaani sauti itakayotoka ikipewa wati moja, ikisikilizwa kutoka mita moja. Chukua yenye 88. Ukikaa mita mbili na nusu, wati moja tu inakupa karibu desibeli 80, na kabla hujaongeza, mama mwenye nyumba ameshakuita jina lako lote. Kila ukitaka desibeli 3 zaidi, lazima nguvu iongezeke maradufu. Kutoka wati 20 kwenda 40 umelipa pesa nyingi kwa tofauti ndogo. Spika yenye 91 badala ya 88 inakupa nyongeza hiyo hiyo bure. Amplifaya ya wati 25 au 30 kila upande inatosha chumba chochote cha boriti kisiwani hapa, na ninasema hivyo bila wasiwasi wowote.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoiamini kuliko zote: nenda dukani na nyanya yako. Kama huna, muombe wa jirani, Mji wa Kale hawakosekani. Kijana ukimpeleka atavutiwa na taa zinazocheza rangi kwenye uso wa wufa. Nyanya taa hazimhusu. Yeye ana swali moja: wanasemaje? Huyu alitazama Sholay, ile sinema ya Kihindi ya 1975 iliyotolewa kwa filamu ya milimita 70 na sauti ya stirio, akaufuata mkasa kwa masikio mpaka akajua nani anamdanganya nani. Tena ni mtu aliyelelewa na taarabu ya Mombasa, na taarabu hii ni maneno. Juma Bhalo alizichukua tuni za sinema za Kihindi akazivika mashairi ya Kiswahili, mengi yakiwa ya binamu yake Ahmad Nassir, na msikilizaji akikosa neno moja la ubeti, fumbo zima limempita. Masikio yaliyofundishwa hivyo ndiyo masikio ya kununulia spika.

Basi mtie Bhalo kwenye flashi na uende naye. Usianze na ngoma wala mlipuko, muuzaji anazo tayari na amezichagua yeye. Weka wimbo ambao nyanya anaujua kwa moyo. Sikiliza herufi s, sh, ch na f: zikipotea, spika imeziba juu, zikichoma sikio, twita yake ni ya bei rahisi kuliko sura yake. Halafu weka udi wa mwanataarabu Zein l'Abdin. Hapa kuna kitu kidogo cha kutega sikio: kabla noti haijalia, usikie mguso wa kidonoo kwenye uzi. Zile nyuzi nene za chini nazo, kila mmoja uwe na sauti yake. Zote zikitoa kishindo kimoja, hiyo ni spika ya vishindo. Mwisho mwambie muuzaji apunguze sauti, apunguze tena, mpaka ibaki kidogo kabisa. Spika nzuri ikinong'ona bado inatamka. Kisha mgeukie nyanya. Akisema, "Mwanangu, mbona huyu anaimba ndani ya mtungi?" ondokeni. Hakuna rufaa.

Atakayekuambia lazima ziwe spika tano na wufa, msikilize mpaka mwisho, kwa sababu hakosei: filamu nyingi hutengenezwa hivyo, na mpangilio huo wa kidijitali wa Dolby umekuwa kwenye majumba ya sinema tangu Batman Returns ya 1992. Spika ya katikati ina kazi kubwa humo, inabeba mazungumzo, ili mtu aliyekaa pembeni kabisa ya ukumbi mpana asikie maneno yakitoka kwenye skrini. Lakini nani amekaa pembeni kabisa katika chumba cha mita 2.8? Weka runinga kwenye ukuta mfupi, na familia nzima itajikuta imekaa karibu na mstari wa katikati, itake isitake. Spika mbili zilizowekwa sawa zitayasimamisha mazungumzo hapo hapo kati yake. Zile za nyuma nazo utazitundika wapi? Chokaa ya zamani ukiitoboa kwa drili humeguka kiganja kizima, na nyumba hizi ziko katika eneo la hifadhi, zinastahili kutotobolewa ovyo. Kwa bei ya spika tano mbaya utapata mbili nzuri. Nunua mbili.

Tuseme mfukoni mna shilingi 20,000. Mimi ningeweka nusu kwenye spika, elfu sita au saba kwenye amplifaya, zinazobaki kwenye nyaya, stendi ya mbao na kikinga umeme. Kwa mgawanyo huo ni mali iliyotumika, kutoka Uingereza au Dubai, na hiyo ni habari njema. Spika ndogo za rafuni zilizotengenezwa kwa makini miaka ishirini iliyopita bado zinaishinda katoni mpya yenye dhahabu. Sharti ni kujua kuzikagua, kwa hivyo nenda na fundi, au simama kwenye benchi lake umtazame anavyofanya. Huwa hivi. Mteja anasema:

"Ami, mbona inalia vizuri tu?"

"Inalia leo, mwanangu. Tia kidole hapa."

Kidole kinapita kwenye ule mviringo wa sponji unaoshika koni, na kinarudi na ungaunga mweusi unaonata. Sponji imeoza. Umri huioza kokote, na unyevu wetu wa bahari huiharakisha. Yenye mviringo wa mpira huishi zaidi, ukiipata ichague. Kisha fundi anaweka vidole vya mikono miwili kuzunguka kitovu cha koni na kuisukuma ndani polepole, sawasawa. Ikienda kimya, koili ni nzima. Ikikwaruza, hata kidogo, koili imeungua au imepinda. Anachukua betri ya volti 1.5, anagusisha nyaya, koni inaruka mara moja na kusema "tap". Mwisho anaweka mita: spika ya omu 8 husomeka kama 6 hivi. Ikisoma sifuri ina shoti, isiposoma kitu waya wa ndani umekatika. Sponji iliyooza peke yake haina balaa, fundi hubandika nyingine, na hapo ndipo bei inaposhuka na wewe unacheka. Angalia pia ncha za nyaya na vishikizo vyake. Rangi ya kijani ni kazi ya chumvi. Kata sehemu hiyo, menya upya, kaza.

Kabla ya kulipa, kumbuka ngazi yako. Spika ndefu za kusimama sakafuni zitateremka kwenye mkokoteni mpaka mlangoni vizuri sana, na hapo hamali atatazama ile ngazi yenye kona, atakutazama wewe, na bei itabadilika.

Vifaa vya kuletewa na jamaa vina sheria yake. Spika zenyewe hazina neno, ila amplifaya soma volti. Ya Marekani ni ya volti 120, ukiichomeka hapa utaipoteza kwa sekunde chache pamoja na harufu. Za Dubai na Oman zinakubaliana na umeme wetu. Ya kutoka Jeddah isomwe mara mbili, kwa sababu huko nyumba nyingi zimetumia volti 127. Na kikinga umeme ni lazima, stima inaporudi baada ya kukatika hurudi na hasira.

Nyumbani, weka twita usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, spika zikiachana karibu sawa na umbali wa kutoka kwako hadi kwazo, zikikutazama. Usikae umegandana na ukuta wa nyuma, wala katikati kabisa ya urefu wa chumba: theluthi moja kutoka nyuma ni mahali pazuri. Kuta za ubavuni ziko karibu mno na spika, zinahitaji kuvikwa. Leso moja ukutani ni pambo zuri lakini ni nyepesi, sauti inapita. Zulia zito linafaa, rafu iliyojaa vitabu inafaa, na magodoro ya majlisi yanafaa kuliko vyote. Ukipiga lile kofi tena utasikia limelainika. Ikiwa baada ya haya yote bado unataka wufa, nunua ndogo, isilie juu ya hezi 80, na uihamishe hatua kwa hatua ukutani mpaka ile noti ya chumba ikome kuvuma.

Limebaki suala la jirani, na hili silichukulii kwa wepesi, kwa sababu katika Mji wa Kale dirisha lako na lake hupeana mikono, na msikiti uko pale pale. Kanuni za kelele za 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 50 mchana na 35 usiku nje ya nyumba za kuishi, na 35 ni ndogo sana. Weka filamu yenye vita, uiache ikicheza, ubishe kwa jirani ukae chumbani mwake na kahawa. Besi ndiyo utakayoisikia, maneno hayapenyi ukuta ule. Mtume mtoto apunguze, na apunguze tena, mpaka jirani mwenyewe aseme basi. Rudi nyumbani ubandike kipande cha tepu kwenye kitasa cha sauti, hapo hapo kilipofika. Baada ya isha, kisivuke hapo.