Begi la Magurudumu

Hongera, wifi, kwa begi la kazi ulilomnunulia kaka. Lina magurudumu manne! Mtu wa gangi ya reli ya TAZARA, anayetembea juu ya kokoto kati ya Mlimba na Makambako akikagua mataruma ya zege, alikuwa anakosa hicho tu. Upana wa reli ile ni milimita 1,067; natumaini ulipima kabla ya kulipa. Na weupe wa begi, mashallah, utaelewana sana na grisi.

Ndani umetia manukato na tai ya hariri. Vizuri. Akiingia kwenye mahandaki, giza totoro, atawasha tai. Baridi ya Makambako mwezi wa saba ikimkamata, atajipulizia manukato mpaka alfajiri.

Mshamba mwingine angetafuta begi la turubai gumu, mkanda mpana wa begani, akatia tochi na betri za akiba, chupa ya chai, sweta, glavu za ngozi, na karanga kwenye kopo ili zisipondwe na spana. Lakini begi kama hilo halipendezi pichani, na picha, wifi, uliiweka stetasi kabla mwenyewe hajalishika.